Taa ya Kukagulia Noti

Nilikamua ndimu kumi na mbili, Dehen,
zile za soko la chini, maganda makavu kama ngozi ya kiwiko.
Nikachuja. Nikatia mbolea nyeupe kidogo,
hiyo hiyo Mama anayomwagia mihogo,
nikafungia vyote ndani ya chungu cha chuma chenye parafujo nne.
Nyuzi mia na themanini. Saa sita.
Kilichotoka ungekiita chai iliyolala:
kahawia tu, na harufu ya sukari iliyoungua.
Masizi, angesema yeyote aliyewahi kusugua sufuria.

Lakini Daktari Saloh alizima taa za chumba,
akawasha ile ndogo ya urujuanimno,
na chai iliyolala ikaamka
buluu.

Ni chembe za kaboni, ndogo hivi
kwamba unywele wako mmoja, kwa upana wake,
ungezipanga elfu kumi na zaidi bega kwa bega.
Kaboni ya mkaa, kaboni ya penseli,
iliyokaa gizani miaka yote hiyo
haikuombwa kitu ila kuungua.
Kumbe ukiipunguza vya kutosha, hujibu.

Palangka Raya wapo wanaoitia kwenye wino
wa mihuri ya hati za ardhi, wezi wajulikane.
Daktari anasema ng'ambo huipenyeza hata kwenye seli
ili donda lijionyeshe lenyewe.
Mimi niliitaka kwa kazi moja.
Zebaki ikiigusa, hufifia.

"Shahidi gani," ulicheka, "asemaye kweli kwa kuzimika?"

Basi Jumapili nikaja.
Taa ya maabara haitoki maabara,
nikaazima ya Bi Rinting wa duka la mchele,
anayokagulia noti.
Tukaziba madirisha kwa sarungi za Mama.
Chupa tatu: maji ya mvua,
maji ya kisima,
na maji ya bwawa lililo chini ya mashine yako ya dhahabu,
unamofuga samaki.

Tone. Mvua ikawaka.
Tone. Kisima kikawaka, kwa uvivu.
Tone.

Ukaichukua taa, ukaipiga kiganjani.
"Mbovu hii."
Ukatoa mfukoni noti ya laki,
ya dhahabu ya wiki iliyopita,
ukaimulika:
ikang'aa namba zake zote, halali kabisa.

Hapo palikuwa na kimya ambacho sikukipima.

Nikasema, kwani uongo wa upande wangu nao ni uongo,
kwamba chuma pia huweza kuizima,
kwamba maji yetu ya mboji ni mekundu na hulaghai macho,
kwamba nitarudia mara tatu kabla ya kuapa.
Ulikuwa hunisikilizi.
Ulikuwa unautazama mkono wako ulioshika taa,
ule unaosema hutetemeshwa na injini,
na injini ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa.

"Ongeza tone."
Nikaongeza. Uzi wa buluu ukashuka, ukapotea.
"Ongeza jingine."
Dehen, naweza.
Nikimimina kichupa chote, hata bwawa hili litawaka.
Litawaka, na zebaki imo.

Mama aliita tukale.
Jikoni mafuta yalikuwa yakilia chini ya samaki,
na wewe ukaikunja noti mara nne, tano,
mpaka ikawa ndogo isiyokunjika tena,
ukatoka.
Nikabaki gizani na chupa mbili zinazosema
na moja iliyokwisha kusema.
Nikasikia kifuniko cha kikaango kikiinuliwa.
Sauti ya mafuta ikakatika.
Sikujua kama umewazima moto
au umewageuza tu upande wa pili.